Mashine Iliyopimiwa Uani

"Lita moja kwa saa," Apua alisema, na kwa kuwa alisema huku akitazama vidole vyake vya miguu, ilibidi aulizwe tena.

"Ngapi?" Ekaale aliinamisha sikio. Mashine ilikuwa inanguruma kati yao.

"Lita moja, Baba. Kwa saa moja."

Ekaale alikuwa mdogo wake marehemu baba yake Apua, na tangu mazishi ndiye aliyeitwa baba. Alicheka, akampiga fundi Lomuria begani. "Umesikia? Ile ya zamani ilikunywa kama ngamia ametoka Kaikor. Hii inakunywa kama bibi harusi mbele ya wakwe."

Walikuwa uani kwa Lomuria, mjini Lodwar, nyuma ya soko. Mashine ilikuwa ya dizeli, ya silinda moja, kuukuu lakini nzima, na ilikuwa imefungwa kwa boliti juu ya magogo mawili ya mkoma kwa sababu siku ya kuingizwa botini ilikuwa bado. Gurudumu lake zito lilizunguka kwa wepesi, ta-ta-ta-ta, na moshi wake ulikuwa mwembamba hata usiuone.

Apua alishika chupa ya maji ya nusu lita, iliyokatwa kitako na kupinduliwa. Mpira mmoja ulitoka kwenye kifuniko ukaingia kwenye mashine. Mpira mwingine mwembamba ulitoka kwenye mashine ukarudi juu ya chupa. Ubavuni mwa chupa alikuwa amechora mistari mitano kwa rangi nyekundu ya kucha, na saa ilikuwa ile ya simu. Mstari hadi mstari, dakika sita. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa dakika sita.

Kazi hiyo alijifunza Kakuma. Mbuzi wa nyumbani walipokwisha kwa ukame, Apua aliacha shule darasa la sita akaenda kufanya kazi kwa Maano, mama Msomali aliyekuwa na jenereta la kuwashia umeme safu nzima ya maduka. Aliajiriwa kuosha vyombo. Lakini Maano alimkuta mara nyingi amesimama mbele ya jenereta, sufuria mkononi, akiitazama ile mashine kama mtu anayetazama mgeni akila.

"Wewe, dada, njoo," Maano alimwambia siku moja. "Hii mashine inakunywa na inatema. Kila ikipewa mafuta, yanayobaki inarudisha kwa mpira huu mdogo. Ukisahau kurudisha kwa chupa, utaisingizia kiu si yake." Akamwekea kidole kwenye mpira. "Umeelewa? Basi sema umeelewa. Mdomo ni wa kula tu?"

Maano alipopata umeme wa jua akaiuza ile mashine, na Ekaale, aliyekuwa na boti ziwani, ndiye aliyeinunua. Mashine na Apua walikuja Lodwar kwenye pikapu moja.

Pale uani, kabla ya kuzima, Apua alijikaza akauliza swali moja.

"Baba, boti itabeba mzigo gani?"

"Mzigo wa dada yako. Ziwa limepanda limefika mlangoni kwake kule ng'ambo. Tutamleta yeye na vitu vyake na mbuzi."

"Mbuzi wa... wangapi?"

Kicheko cha Ekaale kilikatika. Lomuria mwenyewe aliinamia spana zake. Mfugaji hahesabu mbuzi kwa mdomo. Anawajua kwa rangi na kwa pembe, akikosekana mmoja anajua. Kutaja idadi ni kumwonyesha mwizi mlango, na mwizi huyo anaweza kuwa ugonjwa, au chui, au Mungu wao, Akuj mwenyewe, akiwa na hasira. Ekaale alikuwa ameiingiza desturi hiyo hata ziwani. Katika boti yake hakuna aliyetaja watu wako wangapi, wala kitu gani kimebaki kiasi gani.

"Mbuzi ni mbuzi," alisema polepole. "Kakuma ilikufundisha kuhesabu vya watu?"

"Hapana, Baba."

Safari ilikuwa ya saa tatu kwenda, na saa tatu kurudi. Lita sita. Apua aliogopa kukosea, akasema kumi na mbili, mara mbili ya hesabu, ndilo tanki lote la mashine. Ekaale aliyekuwa na mazoea ya kubeba mtungi mzima wa dizeli ya ziada aliuacha ufukweni Kalokol, chini ya turubai, ili mbuzi wapate nafasi.

*

Walitoka Kalokol saa kumi na mbili asubuhi, watu watatu: Ekaale kwenye usukani, Apua kando ya mashine, na Ochola mbele. Ochola alikuwa Mjaluo aliyekuja kuvua huku miaka kumi iliyopita akasahau kurudi kwao. Kazi yake ilikuwa kamba, ndoo ya kuchotea maji, na maneno.

"Injinia!" alimwita Apua. "Ukiona mashine imechoka uniambie niibebe mgongoni."

Apua alitabasamu akiangalia chini. Lakini hakuwa na raha. Tangu panga la boti lilipozama majini na kuanza kusukuma, mashine ilibadilisha sauti. Haikuwa tena ile ta-ta-ta ya uani. Ilikuwa dugu-dugu-dugu, nzito, kama mtu anayetwanga mtama huku amekasirika. Akaona moshi wake. Alijiambia ni baridi ya asubuhi. Baadaye akajiambia ni dizeli mbaya. Mtu mwoga hakosi maelezo.

Ng'ambo walifika saa tatu. Kambi ya wavuvi ilikuwa imebaki vibanda vitano, na maji yalikuwa yanalamba mlango wa dada yake. Akuwam alitoka na tumbo la miezi minane, mikono kiunoni.

"Ejok! Mmekuja kunichukua au mmekuja kuangalia nikizama?"

"Ejok noi," Ochola aliitikia salamu. "Tumekuja kuchukua mbuzi, mama. Wewe kama kuna nafasi."

Mumewe Akuwam alikuwa ametangulia na boti ya wenzake kutafuta mahali pa kujenga. Basi walipakia wao wenyewe: ngozi za kulalia, masufuria, jiwe la kusagia, magunia ya samaki wakavu, na mbuzi, miguu imefungwa, wamelazwa wakilia. Apua hakutaja idadi, ila macho hayana desturi. Yalihesabu kumi na wanne. Boti ilishuka majini hadi ubao wa juu ukabaki kiganja kimoja tu kutoka kwenye maji.

Walingoja upepo wa asubuhi ulegee. Saa saba Ekaale akasema twende. Apua alikuwa amesimama kando ya tanki. Lilikuwa la bati, huoni ndani. Alishika kifuniko.

"Baba, nifungue nitazame?"

"Utazame nini?"

"Yaliyobaki."

Ekaale alimtazama hadi akauondoa mkono. "Wewe mwenyewe ulisema kumi na mbili yanatosha mara mbili. Sasa unataka kuchungulia ndani ya tumbo la mashine mbele ya ziwa? Kaa chini, mama."

Aliitwa mama kwa upole, na upole huo ndio uliomfunga mdomo. Akakaa.

*

Katikati ya ziwa hakuna upande. Nchi waliyoitoka ilikuwa imezama nyuma, milima ya magharibi ilikuwa bado kivuli cha bluu kilichoelea juu ya ukungu wa joto. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, yakipanda na kushuka. Kila wimbi lililopita liliacha kikombe cha maji botini, na Ochola alichota bila kuambiwa.

Mashine ilitoa moshi mweusi. Apua aliutazama. Na hapo, bila kutafuta, akakumbuka jioni za mechi za mpira Kakuma.

Siku za mpira kila duka la ile safu liliwasha televisheni, na friji, na feni. Jenereta lilikuwa linainama kwa sauti, dugu-dugu, moshi mweusi, na Maano alikuwa anakuja na mtungi wa pili kabla ya kipindi cha pili. Mchana, likiwa limewasha taa mbili tu, mafuta yale yale yalikaa hadi jioni. Mashine ile ile. Ilikuwa inakunywa kwa kadiri ya kazi.

Na kule Lodwar, juu ya magogo, ilikuwa na kazi gani? Hakuna. Aliipima kama jenereta lisilo na hata taa moja.

Apua alishika ubao. Alitaka kusema, lakini ulimi ulilala kama mbuzi waliofungwa. Kwanza atasema nini? Kwamba amewaleta watu hapa, na mtoto aliye tumboni, kwa hesabu ya uongo? Ekaale alikuwa anatazama mbele, uso umetulia, anamwamini. Dakika zikapita. Kila dakika ilikuwa inakunywa, na yeye alikaa akiisikiliza ikinywa.

"Apua," Akuwam alisema. Alikuwa amejilaza juu ya ngozi, ameegemea gunia. "Mbona uso wako umekuwa jivu? Mimi ndiye mwenye mimba, wewe ndiye unataka kutapika?"

Apua alitikisa kichwa. Kisha akautoa mswaki wake wa mti kwenye mkunjo wa shuka. Akamwangalia Ekaale; alikuwa bado anatazama mbele. Akafungua kifuniko, akautumbukiza mswaki hadi chini ya tanki, akautoa.

Sehemu iliyolowa ilikuwa vidole viwili.

Uani alikuwa amelijaza tanki hilo chupa kwa chupa. Alijua vidole viwili ni nini. Ni lita mbili, pengine pungufu. Na milima ilikuwa bado bluu.

Akajikokota hadi kwa dada yake, akamwambia sikioni. Akuwam hakuwahi kusema jambo lolote kwa siri tangu azaliwe.

"Nini? Baba Mdogo! Mtoto wako anasema dizeli inakwisha!"

Ekaale aligeuka polepole.

"Nani amesema neno hilo botini kwangu?"

"Ni mimi, Baba," Apua alisema. "Yamebaki lita mbili. Nilipima vibaya."

Ekaale hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akapiga hesabu yake ya miaka mingi, na Apua aliona rangi ya uso ikimtoka. Hata kwa macho tu, mtu wa ziwani alijua kuwa mbele kulikuwa na safari ya saa moja na nusu.

Ochola alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mzee, ongeza! Tukimbie, tufike kabla haijaisha!"

"Kimbia, Baba Mdogo!" Akuwam alidakia.

Ekaale akausukuma mkono wa mafuta, ule wa kuongeza kasi, hadi mwisho. Boti ikanyanyua pua, mashine ikalia, moshi ukatoka kama wa tairi linaloungua. Wote watatu waliinama mbele kana kwamba wanaisaidia kukimbia.

Apua peke yake alielewa wanachofanya. Mashine iliyokuwa na kiu walikuwa wameizidishia kiu. Wangekwenda kasi kwa nusu saa na zaidi kidogo, kisha wangekaa katikati ya maji, kimya, boti kiganja kimoja juu ya maji, hadi upepo wa jioni uwakute. Alijua watu wawili wa Kalokol waliokutwa na upepo huo wamezimikiwa na mashine. Kilichopatikana kilikuwa boya na kiatu.

Alisimama. Akaweka mkono juu ya mkono wa Ekaale, mkono wa mzee, baba yake, na akauvuta nyuma.

Mashine ikashusha sauti. Pua ya boti ikaanguka.

"Wewe!" Ekaale aliinua kiganja.

"Nipige baadaye." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Baba, ikienda kasi inakunywa kuliko inavyosogea. Polepole inakunywa kidogo sana. Nipe nipime. Mara hii ikiwa inafanya kazi. Nikiongopa tena unitupe."

"Polepole?" Ochola alishangaa. "Dada, mtu akifukuzwa na simba anatembea?"

"Kama maji yake ya kunywa ni kibuyu kimoja na njia ni ndefu, anatembea," Akuwam alisema ghafla. Alikuwa ameketi wima. "Hata ngamia anajua. Mwache mtoto apime."

Kiganja cha Ekaale kilishuka.

Ili kupima ilibidi mashine izimwe, na chupa ile ya uani, aliyokuja nayo, iingizwe kati ya tanki na mashine. Ilipozimwa, ukimya uliwaangukia wote kama turubai. Sasa waliyasikia maji yakigonga mbao, tok, tok, yakitafuta mlango. Boti iligeuka ubavu na wimbi likamwagikia mbuzi. Apua alifungua mpira, vidole vikiteleza kwa dizeli. Aliipitisha chupa chini ya koki ya tanki, akaijaza, akafunga mpira kwenye mashine. Hewa ilikuwa imeingia. Mashine ya dizeli ikimeza hewa haiwaki hadi uitapishe. Alilegeza nati ndogo, akangoja povu liishe, akakaza.

"Zungusha," alimwambia Ochola.

Ochola alishika hendeli akazungusha. Mashine ilikohoa, ikanyamaza.

"Tena."

Ikanyamaza. Akuwam alikuwa ameanza kuomba, maneno ya kanisani na ya bibi yao yakichanganyika. Mita thelathini hivi kutoka botini, kitu kilichofanana na gogo lenye macho kilizama bila kutoa sauti. Hakuna aliyekitaja jina.

Apua alilegeza nati tena. Povu likatoka, dogo, halafu dizeli safi. "Tena, kaka. Kwa nguvu zote."

Ikawaka.

Alishika chupa kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. "Kasi yote, Baba. Kidogo tu." Mafuta yalishuka kutoka mstari hadi mstari: dakika mbili na nusu. Wakati huo Ochola, aliyeambiwa cha kufanya, aliangusha boya la wavu kutoka puani, lililofungwa kwa uzi, na Apua akahesabu, moja, mbili, hadi lilipofika nyuma. Tano. Kisha akavuta mkono wa mafuta hadi mashine ikawa inasema taratibu, moshi ukapotea. Boya likaangushwa tena. Nane.

Mstari wa mafuta ulikuwa haujasogea. Walingoja. Dakika tatu. Tano. Ekaale alianza kuhema. Nane, na sekunde kidogo.

Apua hakuwa na kalamu. Alifunga macho akapanga kichwani, kama mtu anayepanga vikombe. Mwendo: kwa muda ambao kasi inakwenda urefu wa boti nane, taratibu inakwenda tano. Wamepoteza, lakini hawajapoteza nusu. Kiu: imepungua zaidi ya mara tatu.

"Kwa kasi hatufiki hata nusu," alisema. "Kwa taratibu tunafika. Saa mbili na nusu. Tunafika bila kitu cha kubaki, lakini tunafika."

Ekaale alitazama mashariki. Juu ya nchi waliyoitoka kulikuwa na wingu lenye rangi ya mavumbi.

"Na upepo? Saa mbili na nusu nje hapa, na mzigo huu?"

"Upepo sijui kuupima, Baba."

Mzee akauondoa mkono wake kwenye mkono wa mafuta, akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Basi shika wewe."

*

Saa mbili na nusu ni muda mfupi kwa mtu aliyelala. Apua aliziishi zote.

Alichuchumaa kando ya mashine, akiitazama chupa, akifungua koki ya tanki kidogo kila mstari uliposhuka. Taratibu boti haikupanda mawimbi, iliyapokea. Ochola alichota maji, akabadilisha mkono, akachota. Utani ulikuwa umemwishia, na Apua aligundua kuwa alikuwa anautamani.

"Sema kitu, kaka," alimwambia.

"Nikisema nitalia, injinia."

Akuwam alichukua sufuria moja akaanza kuchota na yeye, tumbo limemzuia kuinama, akitukana wimbi moja moja. Mbuzi walitetemeka. Kila mara mashine iliporuka pigo moja, watu wanne waliacha kupumua hadi pigo lililofuata.

Mara mbili Ekaale alisema, bila kugeuka, "Ongeza kidogo," na mara mbili Apua alisema hapana. Mara ya pili alilia aliposema, lakini hakugusa mkono wa mafuta.

Milima iliacha kuwa bluu ikawa kahawia. Kisha kukaonekana mstari mweusi chini yake: mikoma iliyozama, ile ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imesimama mbali na ufukwe na sasa vichwa vyake vilichomoza majini. Nyuma ya hiyo mikoma maji hutulia. Akuwam alinyoosha kidole.

Hapo ndipo tanki lilipotoa tone la mwisho. Chupa ilikuwa na mistari miwili.

Na hapo ndipo upepo ulipofika. Waliusikia kabla haujawagusa, mlio kama wa lori linalopanda mlima. Maji nyuma yao yalibadilika rangi. Pigo la kwanza lilisukuma boti ubavu, na mashine, kwa mwendo ule wa pole, haikuwa na nguvu ya kuirudisha pua. Wimbi likaingia zima. Mbuzi mmoja akaelea ndani ya boti.

"Haigeuki!" Ekaale alipiga kelele, ameng'ang'ania usukani. "Apua! Haigeuki!"

Apua aliitazama chupa. Mstari mmoja na nusu. Aliitazama mikoma. Alikuwa amekataa nguvu mchana kutwa, na mwili wake wote sasa ulitaka kuendelea kukataa, kuyakumbatia yale mafuta kidogo kama mtoto. Lakini alijua mstari mmoja ni dakika ngapi.

"Kasi yote, Baba! Tuna dakika tatu na nusu!"

Akausukuma mkono mwenyewe. Mashine ikanguruma, moshi ukafunika nyuso zao. Boti ikatetemeka, ikapigana, pua ikaanza kurudi. Dakika ya kwanza hawakusogea ila kugeuka. Ya pili mikoma ilianza kukua. Wimbi jingine liliwapanda mgongoni. Mstari wa mwisho ulishuka chini ya kifuniko, ukawa tone kwenye mpira, ukawa hewa. Mashine ilikohoa mara tatu na kufa, na boti ikateleza kwa mwendo uliobaki kati ya mashina mawili ya mikoma, ikagonga la tatu, ikasimama.

Ochola alirusha kamba kuzunguka shina kabla mtu hajasema neno. Kutoka ufukweni watu walikuwa wameshaona. Wanaume wanne walikuja wakitembea, maji kifuani, wakipiga maji kwa fito ili kufukuza wasiyetaka kumtaja. Walimbeba Akuwam kwanza. Alikuwa anacheka na kulia na kumwambia mmoja wao asimshike kama gunia.

Walipokanyaga mchanga ilikuwa kama saa kumi na moja jioni. Mmoja wa wale wanaume alimpa Ekaale mkono. "Mzee, mashine yako ni ya kweli. Nimesikia ikivuta pale mwisho!"

Ekaale alimtazama Apua, akamwachia yeye kujibu. Angeweza kunyamaza. Miaka yote kunyamaza ndiko kulikomhifadhi.

"Mimi nilikosea," alisema mbele ya watu wote, meno yakigongana. "Niliipima Lodwar ikiwa haina kazi. Nikawaambia watu ni lita moja. Si moja. Nusura niwaue."

Ekaale alivua shati lake lililolowa, akalikamua.

"Na mimi uliniuliza mzigo, nikakufokea," alisema. "Boti haitoki mpaka uipime hapa majini, ikiwa na mzigo. Utaniuliza utakachouliza. Nitajibu."

Apua akaketi mchangani. Akuwam alikuja akaketi nyuma yake, akamfunika kwa ngozi, akamkumbatia mabega kwa nguvu kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke. Wote wawili walitazama ziwani. Nje ya mikoma, pale walipokuwa dakika chache zilizopita, maji yalikuwa meupe kotekote, na mngurumo wake uliendelea kukua.